Vita vya Tanga viliamuliwa siku moja kabla

Ukisoma karibu simulizi yoyote ya Kiswahili kuhusu vita vya Tanga, utakuta tarehe 4 Novemba 1914, utakuta Wajerumani wachache wakiwashinda Waingereza wengi, kisha utakuta nyuki. Nyuki ndio wanaobaki kichwani. Watoto wa shule wanawajua, waongoza watalii wanawasimulia, na hata Waingereza waliyaita mapigano yale kwa jina la nyuki. Simulizi hiyo inaniudhi kwa mambo mawili. Inawanyang'anya askari, yaani Waafrika waliopigana katika jeshi la Wajerumani, kazi yao na kuwapa wadudu. Tena inaitazama Tanga kana kwamba ilikuwa kisiwa peke yake, ilhali yaliyotokea pale yalikuwa sehemu ya siku moja iliyopiganwa kuanzia pwani ya Uingereza hadi miteremko ya mlima Longido.

Siku hiyo ni Jumanne, tarehe 3 Novemba 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imetimiza miezi mitatu. Ningependa tuitazame yote, asubuhi hadi usiku, kwa sababu nikiitazama hivyo naona Tanga ilishapotea mikononi mwa Waingereza kabla nyuki hawajatoka mizingani.

Asubuhi ya siku hiyo, upande wa Bahari ya Kaskazini, manowari kubwa za Kijerumani chini ya amiri Franz Hipper zilisogea hadi karibu na Great Yarmouth, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, zikafyatua mizinga. Makombora mengi yaliangukia ufukweni. Wajerumani wakatega mabomu baharini, wakageuza. Nyambizi ya Kiingereza, D5, ilitoka kuwafuata ikagonga bomu na kuzama. Siku ya pili yake manowari ya Kijerumani Yorck, ikiwa karibu kabisa na kwao, ilipotea njia katika ukungu ikaingia kwenye mabomu yaliyotegwa na Wajerumani wenyewe, na mabaharia zaidi ya 200 wakafa. Faida ya msafara ule kwa Ujerumani siioni.

Asubuhi hiyohiyo, kwenye mlango-bahari wa Dardanelles, meli za Waingereza na Wafaransa chini ya amiri Sackville Carden zilizipiga ngome mbili za Waturuki, Seddülbahir na Kumkale. Haikuchukua hata nusu saa. Kombora moja lililipua ghala la baruti la Seddülbahir, Waturuki 86 wakafa papo hapo. Kisha meli zikaondoka. Agizo lilitoka kwa Winston Churchill, waziri wa jeshi la majini wakati ule, kama jibu la meli za Waturuki na Wajerumani kuzishambulia bandari za Urusi katika Bahari Nyeusi tarehe 29 Oktoba. Uingereza ilikuwa bado haijaitangazia rasmi Dola ya Uthmaniya vita. Tangazo lilikuja tarehe 5.

Huko Chile, upande wa pili wa dunia, manowari za amiri Maximilian von Spee zilikuwa zikitia nanga Valparaíso. Siku mbili kabla zilikuwa zimewazamisha Waingereza karibu na Coronel: meli mbili, Good Hope na Monmouth, zilikwenda chini na watu wote, takriban 1,600, pamoja na kamanda wao Christopher Cradock. London haikuwa na habari. Tarehe 3 Novemba makao makuu ya jeshi la majini yalikuwa bado yanamtumia Cradock maagizo, yakimwambia kuwa meli nyingine, Defence, inakuja kuungana naye. Walikuwa wanamwandikia marehemu. Habari za Coronel ziliwafikia asubuhi ya tarehe 4.

Ubelgiji, mapigano ya Ypres yalikuwa katika wiki ya tatu, na karibu na pwani Wabelgiji walikuwa wamefungulia maji ya bahari yakafurika mashamba na kuwarudisha nyuma Wajerumani. China, Wajapani wakisaidiwa na Waingereza wachache walikuwa wakiitwanga kwa mizinga bandari ya Kijerumani ya Tsingtao, ambayo ilisalimu amri tarehe 7. Na kwenye delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejibanza ndani ya mikoko, na meli ya Kiingereza Chatham, iliyoigundua tarehe 30 Oktoba, ikiivizia nje kwenye maji makuu.

Halafu kuna Longido, na kuna Tanga.

Waingereza walikuwa na mpango wa kuibana Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa mikono miwili. Mkono mmoja utue Tanga, mwanzo wa reli ya Usambara. Mkono wa pili ushuke kutoka Kenya kupitia Namanga, upige Longido, ufike Moshi, mwisho wa reli hiyohiyo. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kabisa. Reli ile, iliyofika Moshi mwaka 1912, ilikuwa na urefu wa kilomita 350 hivi, na kila kitu cha thamani katika kaskazini ya koloni kilikuwa kandokando yake: mashamba ya mkonge na mipira, walowezi, maghala. Ukiishika ncha zote mbili kwa pamoja, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni, halina pa kwenda isipokuwa porini.

Lakini mikono miwili inahitaji kichwa kimoja, na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kikosi cha Longido kilikuwa chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart, kikiitwa Kikosi C. Kikosi cha Tanga, Kikosi B, kilikuwa chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, watu wapatao 8,000, na kilitoka Bombay katikati ya Oktoba. Herufi hizo zinaeleza mengi kuliko ripoti nyingi. Serikali ya India ilitakiwa itoe wanajeshi kwa vita vya dunia nzima, ikawagawa kwa herufi: A kwenda Ufaransa, B na C kuja kwetu, D kwenda Ghuba ya Uajemi, E na F kwenda Misri. Waliochaguliwa kwanza walikwenda Ufaransa. Tarehe 31 Oktoba, karibu na Hollebeke huko Ubelgiji, Khudadad Khan wa kikosi cha Baluchi alibaki na bunduki yake ya rashasha baada ya wenzake wote kuuawa pembeni yake, akawa mwanajeshi wa kwanza mwenye asili ya India kupata nishani ya Victoria Cross. Kikosi D nacho kilikuwa kwenye meli katika Ghuba, kikisubiri vita na Waturuki. Tarehe 6 Novemba kilitua Fao, kusini mwa Iraki. Hata Tsingtao kulikuwa na Masingasinga.

Kwa hiyo Jumanne ile jeshi moja la India lilikuwa linapigana au linasubiri kupigana Ubelgiji, Ufaransa, Ghuba, China, Longido na Tanga. Aitken alipewa kilichobaki. Baadhi ya vikosi vyake havikuwahi kufanya mazoezi pamoja. Vingine vilikabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya safari. Wengi walikaa wiki kadhaa ndani ya meli, katika joto, wakitapika, kwa kuwa msafara ulilazimika kwenda polepole na kwa ulinzi: manowari ya Kijerumani Emden ilikuwa bado inazamisha meli za biashara katika Bahari ya Hindi. Wanaume hao wakilaumiwa, kama walivyolaumiwa sana na maofisa wao baadaye kwa maneno ya dharau nisiyotaka kuyarudia, ni haki kuuliza nani aliwapakia melini namna ile.

Sasa rudi nyuma saa 24. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, kama saa 1, meli ya kivita Fox iliingia bandari ya Tanga. Nahodha wake, F. W. Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya, Dk. Auracher, akamwambia kuwa makubaliano ya kutoshambuliana yaliyofanywa Agosti yamefutwa, na kwamba ana saa moja ya kuusalimisha mji. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu, na jibu alilopata lilimwacha na wasiwasi. Auracher akaenda kutafuta maelekezo. Hakurudi. Fox ikasubiri, ikatafuta mabomu ambayo hayakuwepo, ikarudi kwenye meli za wanajeshi zilizokuwa zimejificha mbali na pwani.

Saa ile moja, pamoja na saa zilizofuata, Auracher alizitumia vizuri kuliko ofisa yeyote wa Kiingereza alivyotumia siku zake tatu. Alipeleka simu Moshi.

Wapo wanaomtetea Caulfeild, na hoja yao si ya kutupwa. Makubaliano ya Agosti yaliandikwa na jeshi la majini lenyewe. Kushambulia bila kuyafuta kungekuwa hila, na Uingereza ilikuwa inajinadi duniani kuwa inapigana kwa ajili ya kuheshimu mikataba. Nakubali. Lakini mtu anaweza kufuta makubaliano akiwa na wanajeshi 8,000 nyuma ya mgongo wake, ndani ya mashua, tayari kushuka. Caulfeild alitoa notisi kisha akaondoka, na watu wa kwanza walikanyaga nchi kavu usiku wa siku hiyo, kwenye mikoko ya Ras Kazone, kilomita chache mashariki ya mji, mahali ambapo hakuna mtu aliyekwenda kupachungulia kwanza.

Linganisha na Dardanelles asubuhi iliyofuata. Carden naye alitoa notisi, yake ikiwa ya mizinga, akaondoka. Waturuki walizika maiti zao 86, wakatazama jinsi ngome zao zilivyo dhaifu, wakaanza kazi. Miezi minne na nusu baadaye, tarehe 18 Machi 1915, meli za Waingereza na Wafaransa zilirudi kwa nguvu kubwa na manowari tatu, Bouvet, Irresistible na Ocean, zikazama katika mabomu siku moja. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha maandalizi ya Waturuki kilitokana na mapigo yale ya Novemba, maana vita vyenyewe vilitosha kuwaamsha. Hata hivyo sioni namna ya kukwepa kufanana kwa mambo haya mawili. Jeshi moja la majini, ndani ya siku mbili, katika bahari mbili, limebisha hodi kwenye mlango wa adui na kuondoka kabla ya kuingia.

Tuingie sasa tarehe 3 yenyewe.

Longido kwanza, kwa sababu inasahaulika hata na watu wa Arusha. Stewart alikuwa na watu kama 1,500: Wapunjabi, wanajeshi wa mtawala wa Kapurthala, na walowezi wa Kizungu wa Kenya waliopanda farasi. Walitembea usiku kutoka Namanga, mwendo wa kilomita 25 hivi katika nyika isiyo na maji, ili wafike mlimani alfajiri. Walikuta ukungu. Walikuta pia kombania za askari chini ya Meja Georg Kraut, askari wapatao 600 na Wajerumani wasiofika 100, wakiijua kila korongo ya mlima ule. Mapigano yalikwenda mchana kutwa, kupanda na kushuka. Kilichowamaliza Waingereza kilikuwa maji. Nyumbu waliobeba maji walishambuliwa, wakatimka, wakayeyuka nyikani na mizigo yao. Fikiria umetembea usiku kucha, umepigana tangu alfajiri mpaka jua la saa nane, na maji ya kikosi kizima yanakimbia mbele ya macho yako mgongoni mwa nyumbu. Giza lilipoingia Stewart aliwarudisha watu wake Namanga. Hakuwa amepoteza wengi. Alikuwa amepoteza siku, na siku ile ilikuwa na thamani kuliko alivyojua.

Maana siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anaimwaga Moshi kwenye mabehewa. Huu ndio moyo wa hoja yangu. Alikuwa na kombania zake nyingi upande wa Kilimanjaro. Kuzipeleka Tanga kulimaanisha kuuacha mlango wa kaskazini ukiwa na walinzi wachache wakati adui yuko mlangoni. Gavana Heinrich Schnee alikuwa hataki hata kidogo Tanga ipiganiwe. Alitaka miji ya pwani iachwe salama chini ya makubaliano. Lettow alimpuuza. Aliweka kamari kwamba Kraut atashika Longido kwa askari alionao, na kwamba treni zitafika Tanga kabla Waingereza hawajamaliza kushuka melini. Kamari zote mbili zilitegemea tarehe 3, na zote mbili alizipata.

Askari wa Kraut hawakumwona Mwingereza yeyote wa Tanga. Lakini walishinda Tanga kwa kutoondoka Longido. Laiti Stewart angekuwa na maji ya siku moja zaidi, au laiti Aitken na Stewart wangekuwa wanajuana wanafanya nini saa ile, Lettow angelazimika kugeuza treni.

Tanga asubuhi ya tarehe 3 ilikuwa inalindwa na kombania moja ya askari na polisi wachache. Brigedia Jenerali Michael Tighe, aliyekuwa ametua usiku na vikosi viwili, Wahindi wa Rajputs na wa Pioneers, alianza kusogea mjini alfajiri. Mtu akitoka Ras Kazone kuelekea mjini, kabla ya kufika kwenye nyumba anakutana na mtaro mrefu uliochimbwa kwa ajili ya reli, kama handaki lililotengenezwa kwa makusudi ingawa halikuchimbwa kwa ajili ya vita. Askari walilala ukingoni mwake na bunduki zao. Wengi walikuwa na Mauser za mwaka 1871, zile zinazotoa moshi mzito kila risasi inapotoka na kumwonyesha adui ulipo. Mbele yao kulikuwa na mashamba ya mipira na vichaka ambamo wageni hawakuona mbali. Na katikati ya mapigano, treni ya kwanza kutoka Moshi ikaingia. Askari walishuka, wakaunganishwa moja kwa moja na wenzao, wakapeleka shambulio ubavuni mwa Wahindi. Tighe alisukumwa nyuma hadi karibu na ufukwe, akatuma ujumbe kuomba msaada.

Hapo Aitken alifanya uamuzi ambao kwangu ndio uliomaliza vita. Alisubiri. Alitaka kila mtu ashuke kwanza, kila sanduku, kisha wasonge wote kwa pamoja. Siku nzima ya tarehe 3 na asubuhi ya tarehe 4 zikapita kwenye kushusha. Mji ulikuwa na walinzi wasiofika robo ya watu wa Aitken, na jioni ile Kapteni Baumstark, aliyekuwa akiongoza ulinzi, aliona hauwezi kushikika tena, akawatoa askari wake akawakusanya nje, magharibi, kandokando ya reli. Usiku wa tarehe 3 Tanga ilikuwa wazi. Aitken hakutuma hata doria moja kuichungulia. Tena alikuwa ameshakataa msaada wa kikosi cha KAR, askari wa Kiafrika wa Waingereza, watu ambao wangeijua nchi na lugha ya nchi. Wangeweza kuuliza mvuvi mmoja tu wa Tanga.

Aliyekwenda kuchungulia ni Lettow. Treni yake ilifika kilomita chache nje ya mji saa 9 usiku. Akachukua baiskeli, yeye na wenzake wawili, wakapita kwenye mitaa mitupu mpaka ufukweni. Bandarini meli za Waingereza zilikuwa zimewasha taa zote, na kelele za kushusha mizigo zilikuwa zinasikika kutoka pale alipo. Alijua basi wako wapi, wako wangapi kwa kukisia, na kwamba hawako tayari. Mizinga yake miwili ya zamani ilikuwa bado haijafika. Alisikitika baadaye kwamba hakuwa nayo usiku ule.

Tarehe 4 nitaipita haraka, kwa sababu imesimuliwa na wengi. Mchana Aitken alisogeza watu wake wote, juani, bila kupeleleza. Waingereza wa Loyal North Lancashire na Wakashmiri waliingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba hadi karibu na hoteli. Upande wa kusini vikosi vingine vilivunjika, na Grenadiers wa 101 wakatwangwa na bunduki za rashasha. Ndipo nyuki, walioghadhibishwa na risasi zilizopiga mizinga yao mitini, wakashuka. Waliwauma Waingereza na Wahindi, na waliwauma Wajerumani na askari vilevile. Lettow mwenyewe aliandika kuwa bunduki zake kadhaa za rashasha zilinyamaza kwa sababu yao. Baadaye magazeti ya Uingereza yalidai Wajerumani walitega nyuki kama silaha, jambo la uongo lililomfaa kila aliyetakiwa kueleza kwa nini watu 8,000 walishindwa na kama 1,000. Saa za jioni askari walipeleka shambulio la ubavuni na mstari wa Waingereza ukakatika. Tarehe 5 walipanda meli. Waliacha bunduki mamia, risasi 600,000, na zaidi ya watu 800 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani na askari waliouawa walikuwa kama 70. Kwa bunduki zilizoachwa ufukweni, Lettow aliwavua askari wa kombania tatu zile Mauser za moshi. Serikali ya Uingereza ilificha habari hiyo kwa wananchi wake kwa miezi. Aitken alirudishwa nyumbani na kushushwa cheo.

Swali ambalo huwa naulizwa nikiyasema haya ni kama naona fahari. Hapana, si kirahisi hivyo. Miongoni mwa waliokufa tarehe 4 ni Kapteni Tom von Prince, aliyeongoza kombania za walowezi. Prince ndiye aliyevunja ngome ya Isike pale Tabora mwaka 1893, na ndiye aliyekaa Iringa akimwinda Mkwawa hadi Mkwawa alipojiua mwaka 1898. Na jeshi lile la askari ndilo lililozima Maji Maji kwa kuchoma chakula cha watu kusini, miaka saba tu kabla. Hao ndio waliokuwa kwenye mtaro wa reli. Walikuwa watu wa Unyamwezi, Usukuma, Manyema, wengine wana wa Wasudani walioajiriwa na Wajerumani zamani. Walijua kupigana kuliko mtu yeyote aliyekuwa Tanga siku ile, na walikuwa wanamlindia Kaiza koloni. Mambo yote mawili ni kweli, na historia yetu ina kifua cha kuyabeba yote mawili kwa pamoja.

Ninachokataa ni kuwafuta. Vitabu vinawataja Lettow, Kraut, Prince, Baumstark, Auracher, hata jina la meli na la nahodha wake. Askari aliyeshuka kwenye treni asubuhi ya tarehe 3 na kukimbilia risasini hana jina popote katika simulizi tunazorudia. Upande wa pili ni vivyo hivyo kwa mwanajeshi wa Rajputs, ambaye alizaliwa mbali na bahari, akasafirishwa na herufi B, akafa kwenye shamba la mipira asilojua ni la nani. Tunapowapa nyuki sifa, tunaifunga mada kabla ya kuuliza kuhusu watu hao wawili.

Na kuna wa tatu, mpagazi, aliyelipa zaidi. Kushindwa kwa tarehe 3, Tanga na Longido, kulimaanisha reli ya Usambara ibaki mikononi mwa Lettow. Ilibidi Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, aje Machi 1916 na makumi ya maelfu ya watu kuifuata reli ileile kuanzia upande wa Moshi. Tanga yenyewe ilichukuliwa tarehe 7 Julai 1916, karibu bila mapigano, miezi 20 baada ya usiku ule ilipokuwa wazi. Lettow alikuwa ameshahamishia vita kusini, kwenda Reli ya Kati, Rufiji, Msumbiji, na hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, wiki mbili baada ya mkataba wa kusitisha mapigano kutiwa saini Ulaya. Katika nchi isiyo na barabara, vita hivyo vilibebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Zanzibar na ndani ya Tanganyika iliyotekwa, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa hawapungui 90,000, karibu wote kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Upande wa Wajerumani hawakuhesabu.

Nimekuwa nikijiuliza kama Aitken angempeleka mjini mchana wa tarehe 3 kila mtu aliyekuwa ameshashuka, badala ya kungoja masanduku, vita vya nchi hii vingeendelea kwa muda gani. Tanga ingeanguka siku hiyo. Kwa hilo sina shaka, maana Baumstark naye aliona hivyo. Treni za Moshi zingekuta kituo kimeshikwa. Lettow angepigana tu, alikuwa mtu wa namna hiyo, lakini angepigana bila zile risasi 600,000 na bila ncha ya reli. Huenda asingefika Rufiji na jeshi la kufuatwa na wapagazi wengi kiasi kile, na kijana wa Kisumu au wa Ukambani aliyekamatwa mwaka 1917 akabebeshwa gunia la unga asingekuwa na sababu ya kupelekwa huko.